Mlinzi wa Mlango wa Taa Saba

Dumalagan, Capiz
4 Machi 1962

Manang Soledad,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Davao, dada yetu mkubwa, wewe na mumeo Ponciano na majogoo yake ya kupigana. Huku sote tu wazima, na nikisema sote nina maana ya mimi na paka. Paka bado analala upande wa Natividad kitandani. Nimemwacha. Ule mpapai ulioupanda ulipokuja kututembelea umeangushwa na upepo, lakini ulituzalia mapapai manne kabla ya kuanguka, na mawili aliwahi kuyala yeye.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikianza ninafika kwenye mazishi na kalamu inasimama. Leo nimekula kwanza.

Padre Anselmo aliendesha misa vizuri. Tulipotoka kanisani, ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama wanaume kumi na watatu wenye suti nyeusi, na kila mmoja amejifunga aproni nyeupe kiunoni kama mpishi wa hoteli. Ni wale wa Undugu wa Taa Saba, wanaokutana ghorofani juu ya duka la dawa la Don Teodulfo. Padre aliwatazama, nao wakatazama viatu vyao. Kisha wakavuka barabara, wakalipokea jeneza mikononi mwa binamu zetu kwa adabu lakini bila kuuliza, wakambeba Natividad mpaka makaburini, wakipokezana mabega. Pale kaburini kila mmoja alidondosha kijitawi kibichi. Watu wanasema hata mama yake meya hakupata kubebwa hivyo, naye alikuwa na wanane tu, na mmoja wao alikuwa amelewa.

Mimi nilidhani ni kwa sababu niliwahi kuwatengenezea feni yao. Lakini feni ilikuwa mwaka 1955, na ilikufa tena.

Jambo moja limenishangaza. Jioni ya mkesha, Don Teodulfo, ambaye ndiye Mkuu wao, alinipa mkono wa pole. Nilipompa wangu alishtuka, akanitazama machoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe na wewe. Miaka yote hii." Nikajua anazungumzia ujane, maana naye alifiwa na Doña Luz. Nikamjibu, "Ndiyo, Don, na mimi." Akanikumbatia. Tangu siku hiyo ananiita Ndugu, na ananihimiza nifike kwenye mkutano wao wa Alhamisi. Nafikiri nitakwenda, angalau nishukuru.

Najua meli za kutoka huko ni tabu, kwa hiyo sijauliza kuhusu mazishi na siulizi. Ila siku ya kuvua nguo nyeusi, mwaka wa msiba ukitimia, itakuwa tarehe 9 Januari mwakani. Nakuambia mapema tu.

Shemeji yako,
Eusebio


Davao
29 Machi 1962

Shemeji Sebio,

Tu wazima. Ponciano ana jino linalomuuma, na jogoo wake mwekundu ana jicho moja, na kati ya hao wawili jogoo ndiye asiyelalamika sana. Mvua imekataa. Nimekutumia samaki wa kukausha kwa mkono wa mke wa nahodha. Ukipata pungufu ya kumi na wanane, nijulishe.

Meli, kama ulivyosema, ilikuwa tabu. Tuliache hilo.

Sasa hao watu wako wa aproni. Sebio, wewe ni mtu mwema, na watu wema huitikia mambo kabla ya kusikia swali. Huku tunaambiwa kwamba mtu akiingizwa kwenye chama kama hicho hufungwa macho na kupandishwa juu ya mbuzi. Kwa mgongo wako huo, ukiona mbuzi, kumbuka una miadi kwingine. Ponciano anasema wana siri inayotawala dunia nzima. Nimemwambia kwamba wangekuwa nayo, Don Teodulfo asingekuwa anauza dawa ya minyoo.

Lakini hao kumi na watatu, niandikie majina yao. Wote. Na nani alishika upande wa kichwa. Niambie pia kama walikwenda polepole pale kwenye daraja la mbao, kwa sababu lile daraja linayumba.

Kula vizuri. Uji si chakula cha mchana.

Soledad


Dumalagan
10 Juni 1962

Manang Soledad,

Samaki wamefika kumi na saba. Mke wa nahodha amenenepa kidogo, nisiseme zaidi. Mvua huku imeanza na paa la jikoni linavuja pale pale ambapo Natividad alikuwa akiweka sufuria ya bluu. Nimeiweka.

Majina nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Upande wa kichwa, kulia, alikuwa Don Teodulfo mwenyewe. Darajani walisimama kabisa, wakavuka wanne wanne.

Kuhusu mbuzi: yupo. Lakini ni wa jirani, na kazi yake ni kupanda ngazi na kula aproni zilizoanikwa.

Nilikwenda ile Alhamisi ya kwanza. Juu ya ngazi, nje ya mlango, huketi mzee Gorgonio mwenye upanga. Ana miaka themanini na mmoja na hasikii hata kengele ya kanisa. Aliniomba neno la siri. Ngazi zile zina vumbi, nikakohoa. Akasema, "Sawa kabisa," akanifungulia. Nilidhani ni mzaha wao wa kukaribisha wageni.

Ndani wanasimama, wanaketi, wanaweka mkono kifuani, wanausogeza sikioni, kisha wanasimama tena. Sikutaka kuonekana sina adabu, nikawa namfuata aliye mbele yangu, Maestro Wilfrido, yule mwalimu mstaafu ambaye ndiye katibu wao. Kwa hiyo kila jambo nalifanya nikiwa nimechelewa kidogo. Mwezi wa tano nikaona vijana watatu nao wanachelewa. Nikamsikia mmoja akimfundisha mwenzake, "Usikimbilie. Mtazame Ndugu Sebio. Hivyo ndivyo walivyofanya wazee kabla ya vita."

Mengine ni mambo ya kawaida tu. Wanasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, ambamo imeandikwa kwamba walisoma kumbukumbu za mkutano wa kabla yake. Wana vyeo virefu, hivyo mtu hawezi kumwambia mwenzake asogeze kiti. Lazima amwombe Mheshimiwa Mwangaza wa Mashariki amwelekeze Mwangaza wa Kusini kusogeza kiti, na Mwangaza wa Kusini ni Melecio kinyozi, ambaye wakati huo huwa amelala. Baadaye tunakula: wali, tambi za pansit, samaki wa kukaanga, na tembo la mnazi kwa anayetaka.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Alhamisi iliyopita Don Teodulfo alikuwa akiwafundisha vijana namna zao za kupeana mikono. Akaniita mbele niwaonyeshe ule mkono wa dhiki, ambao ndugu aliyekwisha kupokewa huutoa akiwa katika shida kubwa, na mwenzake hana ruhusa ya kumwacha. Nikampa mkono kama ninavyowapa watu siku zote. Akawaambia, "Mmeona kidole cha tatu? Kimekunjwa ndani, kinagusa kiganja. Hakuna anayeutoa kwa usahihi kama huyu."

Manang, kidole hicho unakijua. Mkanda wa mashine ya mpunga ulikivunja mwaka 1951, Natividad akakifunga kwa kitambaa alichochana kwenye gauni lake la ndani, na hakijanyooka tena.

Nilishuka ngazi nikiwa nimeelewa kwa nini walikuja kumi na watatu.

Wananidhania mwenzao. Wanadhani nilipokewa zamani, mahali fulani, na nikakaa kimya kwa unyenyekevu. Nilitaka kusema pale pale, lakini pansit ikaletwa. Na nikuambie ukweli, Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo mtu ananiomba nimsogezee chumvi. Nifanye nini?

Shemeji yako,
Eusebio


Davao
6 Julai 1962

Shemeji Sebio,

Jino la Ponciano limeng'olewa. Amelifunga kwenye leso na analionyesha watu. Jogoo mwekundu ameshinda mara mbili, sasa hatusalimii.

Umeuliza ufanye nini. Unyamaze. Hujadanganya mtu. Ulipewa mkono, ukatoa mkono. Kama kidole chako kina elimu kuliko wewe mwenyewe, hilo ni la kidole. Hukuomba kubebewa mtu, hukuomba cheo, na ile feni hawajakulipa. Endelea kuchelewa kusimama na kusogeza chumvi.

Ponciano anataka nikuulize siri ni zipi. Usiniambie. Niambie moja.

Kuhusu Januari, tutaona. Ni mbali kuizungumzia sasa.

Asante kwa majina. Nimeyaweka ndani ya kitabu cha sala.

Soledad


Dumalagan
2 Oktoba 1962

Manang Soledad,

Natumaini mko salama baada ya ile dhoruba tuliyoisikia redioni. Huku ilituchukulia mabati mawili na banda la kuku, kuku wenyewe wakabaki wamekaa mahali lilipokuwa wakisubiri. Nimewajengea jingine. Paka hajambo.

Umeniomba siri moja. Nimefikiri sana. Siri ninayoweza kukupa ni kwamba upanga hauna makali. Ulitumika kukatia nguruwe wa kubanika siku ya Krismasi.

Upanga huo sasa ni wangu. Mzee Gorgonio amekwenda kuishi kwa binti yake Iloilo, na wakachagua mlinzi mpya wa mlango. Wamenichagua mimi, kwa kauli moja, kwa sababu, walisema, hakuna anayezijua taratibu kama Ndugu Sebio. Kazi ya mlinzi ni kuhakikisha kwamba hapiti mtu ambaye hajapokewa. Ndiyo kazi yake pekee.

Nisikufiche, mwanzoni nilifurahi. Mlinzi huketi nje, juu ya kigoda, hana ishara ya kufanya, na chakula wanamletea cha kwanza. Mara moja tu nilipata taabu. Alikuja mgeni, wakili kutoka Aklan, ndugu wa kituo kingine, amelowa mvua. Mlinzi anapaswa kumhoji. Mimi maswali siyajui. Nikamtazama, nikamtazama, mwisho nikamuuliza kama amekula. Akajinyoosha, akanipa neno la kwanza, neno la pili, ishara ya mkono, na nyingine ya kusimama kwa mguu mmoja, ingawa hiyo huenda ni maji yaliyokuwa kiatuni. Nikamfungulia. Kule ndani akawaambia wenzangu kwamba tangu aingie Undugu hajawahi kuhojiwa kwa ukali namna ile. "Alinitazama tu," akasema, "nikaona sina pa kujificha." Wameliandika kwenye kumbukumbu.

Kicheko kimeishia hapo. Tarehe 13 Desemba atakuja Mkaguzi kutoka Manila, na anataka orodha ya wote pamoja na tarehe ambayo kila mmoja alipokewa. Maestro Wilfrido ametafuta tarehe yangu kwenye vitabu vyote. Jumapili alikuja nyumbani. Hakutaka kuketi. Aliniambia kwamba mwaka 1948 aliacha daftari sakafuni na mchwa wakala kurasa, na anaamini nilikuwa kwenye kurasa hizo. Ana miaka sabini na mbili, Manang, amefundisha nusu ya mji huu kusoma, akasimama mlangoni kwangu na kofia mkononi. "Ndugu Sebio, nimekupoteza," akasema. "Nitajie tarehe yoyote, nitaiandika kwa mkono wangu."

Nilimpa kahawa. Sikumpa tarehe. Mkewe ananiambia halali usingizi, anaamka na taa kupekua makabati.

Ningeweza kuwanyamazia wote kumi na watatu. Huyu mmoja siwezi. Mkaguzi akija nitasema, na nadhani hiyo itakuwa Alhamisi yangu ya mwisho. Nilitaka ujue kabla.

Shemeji yako,
Eusebio


Davao
3 Novemba 1962

Shemeji Sebio,

Sisi wazima. Juzi tulikwenda makaburini kuwasha mishumaa kwa wazazi wa Ponciano. Wa kwetu wako mbali.

Usiseme. Nakuomba. Mwache mwalimu aandike 1948, alale.

Najua utataka sababu, na wewe ukikosa sababu huwa unanyamaza tu mpaka mtu anaitoa mwenyewe. Basi hii hapa. Mama alipofariki nilichukua cherehani yake. Natividad alikuwa kanisani akipanga maua ya misa, nami nikaita gari la kukokotwa, nikaipakia, nikaondoka nayo mpaka bandarini. Aliniandikia barua mbili. Zilikuwa barua nzuri, hakutukana. Sikujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuwa na haki. Miaka miwili nikaitafuta. Kisha ikaja simu yako ya maandishi.

Meli zilikuwepo, Sebio. Ilikuwepo ya Jumanne na ilikuwepo ya Ijumaa. Nilifunga sanduku, nikalifungua.

Ulipoandika kwamba wanaume kumi na watatu walimbeba, nililia, halafu nikalala vizuri kwa mara ya kwanza. Nikasema, hakukosa watu. Majina yao nayasoma kila Jumapili. Sasa wewe unataka kusimama mbele ya mtu wa Manila useme kwamba yalikuwa makosa. Kama yalikuwa makosa, nani alimbeba dada yangu? Mimi sikumbeba.

Ponciano hajui kwamba nimeandika haya. Anadhani natengeneza orodha ya sokoni.

Soledad


Dumalagan
20 Desemba 1962

Manang Soledad,

Nakutakia Krismasi njema. Binamu zetu wanatengeneza bibingka, ile mikate ya mchele, na wameniahidi. Kuku wanataga.

Barua yako nilikuwa nayo mfukoni ile siku. Niliisoma mara tatu juu ya kigoda changu, nje ya mlango, na nusura niitii.

Ndani walikuwa wanasoma majina. Kila mtu akitajwa, Maestro Wilfrido anasoma tarehe yake. Mlango ule ni mwembamba. Nikasikia sauti yake inapungua kadiri jina langu linavyokaribia, kama mtu anayeingia mtoni. Nikagonga. Mlinzi haruhusiwi kugonga isipokuwa kuna hatari, kwa hiyo kila kitu kikasimama, wakanifungulia.

Don Teodulfo akauliza, "Ndugu Mlinzi, kuna hatari?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kuna mtu ameingia ambaye hajapokewa."

Wote wakasimama na kuanza kutazamana. Melecio kinyozi akaamka na kuchungulia chini ya kiti. Kijana mmoja akageuka kumtazama baba yake mzazi kwa mashaka. Mkaguzi, mtu mfupi mwenye miwani, akauliza mtu huyo yuko wapi.

"Ni huyu mwenye upanga," nikasema.

Nikawaeleza yote: kidole, kikohozi, wakili wa Aklan. Nilipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa Maestro Wilfrido. Aliketi chini taratibu. "Kumbe mchwa hawakula kitu," akasema, kisha akacheka mpaka wakamletea maji.

Mkaguzi akafungua kitabu cha kanuni. Alitafuta muda mrefu. Hawawezi kunifukuza, kwa sababu sijawahi kuwemo. Hawawezi kuniacha niende zangu, kwa sababu najua kila kitu. Kuna adhabu kali sana kwa mtu anayetoa siri, lakini mimi sikutoa, nilipewa, na aliyenipa nyingi kwa mkupuo mmoja alikuwa wakili. Ikaamuliwa kwamba jambo hili lijadiliwe mlango ukiwa umefungwa. Hapo mtu akauliza nani ataulinda mlango huku wakimjadili mlinzi. Hakuna aliyetaka kukaa kwenye ngazi zile. Nikachukua upanga nikatoka.

Lakini kabla sijatoka nilisema jambo moja. Niliomba radhi kwa mazishi. Nilisema kwamba mke wangu alipewa heshima isiyokuwa yake, na kwamba ana dada ambaye jambo hili linamuuma. Sikusema zaidi ya hapo.

Don Teodulfo akavua joho la ukuu, akaliweka kitini. Akasema, "Kitabu hiki kina vifungu mia na arobaini, Sebio. Hakuna hata kimoja kinachoeleza jinsi ya kutombeba mtu aliyekwisha kubebwa. Nilikuwa kichwani. Bega liliniuma wiki nzima. Mwambie dada yake tulimbeba sisi."

Basi nakuambia. Walimbeba wao, nao wanajua walimbeba nani.

Kuhusu cherehani, sikujua kwamba ulikuwa unaifikiria. Natividad aliitaja mara moja, mwaka jana, akipiga pasi. Alisema kanyagio lake linalia, na kwamba huko Davao hakuna atakayekumbuka kulitia mafuta. Kisha akaniomba nimsogezee maji ya kunyunyizia. Hakuwa na hasira, Manang. Alikuwa anaifikiria mashine.

Wataupigia kura upokeaji wangu mwezi Februari, kwa shanga, nyeupe za kukubali na nyeusi za kukataa. Nyeusi moja inatosha kumfungia mtu mlango. Mpaka siku hiyo nimeambiwa niendelee kulinda.

Shemeji yako,
Eusebio


Davao
2 Januari 1963

Shemeji Sebio,

Kanyagio halilii tena.

Tunapanda meli ya Ijumaa, mimi na Ponciano. Mfiche upanga, atataka kuushika. Usinunue kuku, nakuja nao. Tandika popote, mimi nalala hata jikoni chini ya sufuria ya bluu.

Soledad


Dumalagan
24 Februari 1963

Manang Soledad,

Nashukuru kwamba mlifika nyumbani salama na kwamba jogoo mwekundu aliwatambua. Nyumba imekuwa kubwa tena tangu mwondoke. Ile nguo nyeusi ya mkononi niliyoivua tarehe 9 nimeikunja, nimeiweka pamoja na vitana vya Natividad. Maua uliyopanda kaburini yameshika, manne kati ya sita. Don Teodulfo anamsalimu Ponciano, na anasema jibu ni lile lile alilompa makaburini, kwamba hakuna siri yoyote kuhusu bei ya sukari.

Kura ilipigwa Alhamisi ya tarehe 7. Nilikuwa nje, kigodani. Sanduku la shanga lina sakafu ya bati, kwa hiyo nilizisikia zikianguka, moja moja, kumi na tatu. Kisha Don Teodulfo akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwamba kuna nyeusi moja.

Niliuweka upanga ukutani. Nilianza kufikiria Alhamisi jioni nyumbani, nitapika nini.

Kanuni inasema kura irudiwe mara moja, kwa hofu ya makosa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumuuliza mwenzake. Wakarudia. Nikahesabu tena kumi na tatu. Zote nyeupe. Wakati wa kushuka ngazi Melecio kinyozi aliwalalamikia watu wote kwamba taa ya ukumbini ni mbovu na shanga zote zinafanana. Nimekuwa nikinyolewa na mtu huyu miaka kumi na nane. Nitaendelea, lakini mchana.

Nilipokewa wiki iliyofuata. Hapo ikatokea taabu ambayo haijapata kutokea, na Mkaguzi akaandikiwa, na jibu lake likawa kwamba tufuate kitabu. Kitabu kinasema anayepokewa lazima afike mlangoni, asimamishwe na mlinzi, ahojiwe na mlinzi, wala asihojiwe na mtu mwingine yeyote. Walijadiliana kwa muda wa sahani mbili za pansit. Mwisho wakakubaliana kwamba mlinzi atanisimamisha.

Kwa hiyo nilipanda ngazi, nikafika kwenye kigoda, nikachukua upanga, nikauelekeza kifuani kwangu. Mlango ulikuwa wazi kidogo ili wasikie. Nikajiuliza kwa sauti, kama ilivyoandikwa, "Nani anakuja?"

Nikajibu, "Eusebio Dorilag, fundi wa mashine ya mpunga."

"Anataka nini?"

"Kukaa na wenzake."

Kule ndani kuna mtu alikuwa anazuia kicheko, nafikiri Maestro Wilfrido, maana hata mimi nilikuwa karibu. Kisha likaja swali la tatu, nani amemleta. Kitabuni jibu ni fupi, mtu anasema kwamba ameletwa na rafiki. Nilijifunza wiki nzima, nikilisema kwa paka. Nikajiuliza, nikafungua mdomo nijibu, na kilichotoka ni "Natividad."

Kicheko kikakoma. Nilijua nimeharibu. Lakini kitabu kinasema kwamba kuamua kama jibu linatosha ni kazi ya mlinzi, si ya mwingine yeyote, hata Mkuu mwenyewe. Wote wakamsubiri mlinzi. Nami nikamsubiri.

Nikasema jibu linatosha. Nikajifungulia.

Maestro Wilfrido ameandika tarehe 14 Februari 1963 kwa herufi kubwa, akaupuliza wino mpaka ukakauka, akaliweka daftari juu kabisa ya kabati. Mlango bado naulinda mimi.

Sina zaidi, Manang. Tunakutana kila Alhamisi saa moja jioni. Ukiwa umeketi mezani saa hiyo, unikumbuke.

Eusebio